Udi wa Walii

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025, Kilwa Masoko. Asubuhi ilikuwa ya joto, anga jeupe, upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani la mkorosho.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Pande kumuoza Warda baada ya sala ya Ijumaa. Shemeji yangu Yahya, baba yake na walii wake wa kumuozesha, alishavaa joho na kukaa nyuma ya usukani wa gari lake la dizeli, ambalo kwa rehema za Mungu limemzidi umri bwana harusi. Akazungusha ufunguo. Gari halikukohoa hata kidogo.

"Betri hiyo," alisema jirani yetu Bakari, bingwa wa magonjwa ya magari yote isipokuwa lake la kubebea samaki.

Yahya akapiga honi. Ikasikika mtaa mzima. Taa nazo zikawaka. Bakari hakutetereka. "Betri huwa inadanganya, mzee."

Tukasukuma. Nilisoma Ayatul Kursi kwa dhati na kusukuma kwa dhati. Gari lilisikiliza kwa adabu, likakataa.

Ndipo akaitwa fundi Rehani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fanya upesi, mwanangu."

Rehani akagusisha bisibisi kwenye starta. Injini ikazunguka kwa nguvu, ila haikuwaka.

"Betri nzima, starta nzima," alisema. "Lakini starta haipati umeme, na vali ya dizeli haifunguki. Vyote viwili haviwezi kufa pamoja bila sababu. Waya zake zinatoka kwenye ufunguo."

Akaingiza kichwa chini ya usukani, akatoka na waya zilizogandamana kama halua. "Nani kawasha moto humu?"

Yahya akaanza kukagua tairi. Dada yangu Kazija, mkewe, akajibu kwa niaba yake.

"Si moto, ni udi. Jana bwana mkubwa kalifukiza gari, chetezo kakiweka chini ya usukani. Nikamwambia, chetezo kina makaa, kiweke barazani. Akasema walii hanukii nusunusu."

"Manukato ni sunna," alisema Yahya.

"Kwa mtu, baba Warda. Kwa dashibodi sijasikia."

Rehani alisema waya mpya zingemchukua mpaka alasiri. Imamu wa Pande asingengoja alasiri, na wazee wa bwana harusi, Shaaban, walitaka kurudi Songo Mnara kabla maji hayajapwa.

"Gari langu lipo," alisema Bakari. "Limeoshwa."

"Lini?"

"Lilinyeshewa masika."

Yahya akalitazama joho lake, kisha gari la samaki. "Nitaweka wakili kwa simu," alisema polepole. "Sheria inaruhusu."

"Inaruhusu," alisema Kazija. "Na Warda nimwambieje? Baba yako kabaki Masoko, ananukia?"

Yahya alikunja joho mpaka magotini, akapanda.

Pande tulifika khatibu akipanda mimbari. Waumini walitupisha kwa heshima kubwa mno. Safu yetu ingetosha ukoo mzima. Baada ya sala Yahya aliketi mbele ya Shaaban, mashahidi wawili pembeni, akaushika mkono wake.

"Shaaban, nimekuozesha binti yangu Warda kwa mahari mliyoafikiana."

"Nimekubali kumuoa," alisema Shaaban, kwa sauti iliyofika mpaka safu ya mwisho.