Riwaya Iliyoanzia Darini

Kila mwaka, wiki moja kabla ya Pasaka, nyumba ya Bi. Honor Pallant naipindua juu chini. Mazulia yanatoka nje yakapigwe, mapazia yanaingia majini, na hakuna chumba kinachosalimika. Miaka tisa aliniacha nifanye nitakavyo, isipokuwa katika chumba cha nyuma, anakoandikia. Mwaka ule wa 1925 alikwenda mjini Lewes kung'oa jino, akausahau mlango wazi. Nami vumbi nikiliona siliachi.

Ukutani alikuwa amebandika karatasi kwa pini, mia tatu na ushei, kuanzia dirishani hadi mlangoni. Ndiyo riwaya yenyewe. Miaka mitano alikuwa akiandika siku moja tu, siku ya mazishi ya mzee mmoja, na watu watano wa nyumba yake, kila mtu na yanayopita kichwani mwake. Haoi mtu, hauawi mtu. Wachapishaji wawili wa London walikwisha kumrudishia. Wa tatu, Bwana Crichley, alikuwa anakuja kesho yake kusomewa, na hakukuwa na wa nne. Akikataa, Bi. Honor anafunga nyumba anakwenda Leeds kulea watoto wa kaka yake. Kaka mtu alikwisha kumtandikia kitanda.

Hayo nilikuwa nayajua. Kwamba karatasi hazina namba, hilo sikulijua. Nilizibandua moja moja kuanzia dirishani, nikaufuta ukuta, kisha nikataka kuzipanga vizuri. Nipange vipi? Mimi nyumba naisafisha kutoka juu kwenda chini, maana vumbi huanguka. Basi nikachungulia kila karatasi kidogo tu, nione mtu yuko chumba gani. Za darini nikaziweka juu, zikafuata za chumba alicholazwa maiti, kisha za ngazi, za sebuleni, na za jikoni chini kabisa. Nikazifunga kwa utepe, nikajiona nimefanya la maana.

Bi. Honor alirudi shavu limevimba. Akautazama ukuta.

"Keziah, saa sita yangu iko wapi?"

"Saa sita gani tena, Bi. Honor?"

"Ukuta ulikuwa saa! Pale dirishani asubuhi, hapa mlangoni jioni! Wote watano saa moja, wote watano saa mbili... Mungu wangu, umenipangia kitabu kama kabati la mashuka!"

"Sasa namba huweki kwa nini? Mimi hata chupa za jamu naziandikia tarehe."

"Akili ya mtu haina namba!"

"Ndiyo maana yangu inaniuma."

Hakucheka. Alikaa sakafuni akalia kwa sauti, na mimi nikajua nimemmaliza. Nikamwambia tuzirudishe, nitamsaidia. Akasema kuzipanga kulimla msimu mzima wa baridi, na gari moshi la Bwana Crichley linafika kesho saa tano asubuhi. Kisha, kwa hasira tu nadhani, akaufungua utepe aone uharibifu wangu. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Nikaleta chai, ikapoa. Alipofika kwenye karatasi za ngazi machozi yalikuwa yamekauka, na penseli iko mkononi, anakata sentensi hapa, anahamisha pale.

"Kila ukishuka chini, siku inaanza upya," alisema, wala hakuwa anasema na mimi. "Na marehemu yuko palepale, juu ya vichwa vyao. Miaka mitano sikuliona! Keziah, lete penseli nyingine, hii imekwisha."

Bwana Crichley alikuja, mtu mrefu mkavu, akakaa pasipo kuvua skafu. Bi. Honor akaanza kusoma kuanzia darini. Mimi nikaingia na trei, nikajibanza mlangoni kwa visingizio. Mwanzoni bwana yule aliitazama saa yake mara mbili. Baadaye hakuitazama tena, na skafu akaivua.

Wakafika karatasi za jikoni. Mjane anakata nyama ya nguruwe ya kuwalisha waombolezaji, vipande vyembamba. Mumewe kalazwa juu, na anachowaza mwanamke huyu ni kofia ya kijani aliyoiona dukani, ambayo mumewe alisema haimfai mtu wa umri wake. Anawaza kwamba sasa ataweza kuinunua. Anafurahi. Halafu anaendelea kukata.

Nikaiweka trei chini, nikasahau visingizio.

"Bi. Pallant," akasema Bwana Crichley, "sijapata kusikia kitu kama hiki. Nitakichapa. Ila ukurasa huo utoke. Hakuna mwanamke anayewaza kofia mume hajazikwa."

"Ukitoka huo, sikupi kitabu." Usoni pake nikaiona Leeds yote.

"Basi nitajie mwanamke mmoja. Mmoja tu!"

"Mimi," nikasema.

Wakageuka wote wawili.

"Marehemu Amos wangu, mwaka wa 1912. Kisu mkononi, nyama mezani. Na nilimpenda, bwana, usinitazame hivyo, nililia mpaka macho yakaziba. Lakini dakika ile niliwaza kofia. Yangu ilikuwa ya zambarau. Sijamwambia mtu mpaka leo, hata huyu."

Bwana Crichley alivitazama viatu vyake.

"Ukurasa unabaki," akasema. "Kila kitu kinabaki."

Tulimsindikiza hadi getini. Alipopinda kona Bi. Honor alipiga ukelele, akanikamata kiunoni, akanizungusha njiani na aproni yangu, majirani wakichungulia, na waone!

Nilipopata pumzi nikamuuliza, "Ulijuaje habari ya kofia?"

"Sikujua. Nilikaa na yule mjane wa kitabuni jikoni miezi minne, anakata nyama tu, haniambii kitu. Mpaka siku aliposahau kwamba nipo."

Miaka kumi na mitatu nilijihesabu mke mbaya. Jioni ile nilipika nikiimba kwa sauti, na nilipotaka kupeleka chakula chumba cha kulia, Bi. Honor alikuwa amekwisha kuvuta kiti jikoni kwangu, ananisubiri niketi ndipo aanze kula.