Viini Viwili Vilivyofungwa

Fundi mwenzangu wa duka la jirani huniita Kachero, kwa sababu siamini kitu mpaka nikifungue. Sikatai. Mwenye duka la vipuri akiniapia kwa Mungu, mimi naangalia mikono yake. Nimetengeneza kompyuta miaka kumi na minne na bado sijakutana na boksi linalosema ukweli mtupu.

Ndiyo maana siku nilipobandua vifuniko vya prosesa mbili zilizokufa, ule ubongo wa kompyuta, moja ya bei mbaya na nyingine ya bei nafuu, nikakuta ndani ni kitu kilekile, damu ilinichemka. Ya ghali iliandikwa ina viini vinane, yaani sehemu nane zinazopiga hesabu kwa pamoja. Ya rahisi iliandikwa sita. Nikamfuata muuza vipuri na zile maiti zangu mkononi.

"Mbona unahangaika?" akasema. "Zote zinatoka sahani moja, kama matofali ya tanuri moja. Kiwandani wanazipima mojamoja. Iliyofaulu kila kitu inauzwa ghali. Yenye kiini kinachoyumba hawaitupi. Wanakifunga hicho kiini, wanaiuza rahisi."

"Kwa hiyo kila ya rahisi ni mbovu?"

"Siyo kila moja. Wanaotaka rahisi wakiwa wengi kuliko mbovu zilizopo, wanafunga hata viini vizima. Wewe huwezi kujua ipi ni ipi."

Katika maneno yote hayo nilibeba moja tu: wanafunga hata vizima. Niliona wizi wa mchana. Na mwizi dawa yake ni kumzunguka. Kwenye bodi za aina fulani, ubao unaobeba prosesa, kuna mpangilio mmoja uliojificha. Ukiuwasha, viini vilivyofungwa vinaamka. Niliamsha kompyuta sita za wateja, zote zikachapa kazi vizuri. Nikajiona nimewakomesha.

Ya saba ilikuwa ya Dada.

Dada yangu ni mhandisi wa majengo. Yeye ndiye anayesema boriti iwe nene kiasi gani na ndani yake zilale nondo ngapi. Alikuwa amebakiza sahihi ya bosi wake tu ili asajiliwe kuwa mhandisi kamili, jambo alilolisubiri miaka sita. Aliponiomba mashine yenye nguvu, nilimpa ya viini sita niliyoifungua ikawa nane. "Ni nane, Dada," nikamwambia. Hakuuliza zaidi. Dada alikuwa hanihakiki, tangu utotoni.

Mwezi wa pili tangu nimpe, akaja dukani na uso umemshuka. Akaketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani.

"Hesabu zangu zinarudishwa," akasema. "Ngazi za shule, nimeandika nondo kumi, bosi anasema haziwezi kupungua kumi na nne. Nimefungua faili lilelile leo, linasema kumi na nne. Ni mara ya tatu. Hata karatasi za marekebisho zisizo na jina nazikuta mezani, nadhani ni za bosi. Amesema ikitokea tena hasaini."

"Nani mwingine anagusa mafaili yako?"

"Hakuna. Labda yule tunayekaa naye chumba kimoja ofisini."

Nilimjua. Sisi nyumbani tulimwita Bwana Tai, kwa sababu alifunga tai hata kwenye joto linaloyeyusha lami. Mtu mpole kupita kiasi, anayefunga droo bila sauti. Watu wa namna hiyo sijawahi kuwapenda.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. "Ukianguka wewe, nani atabaki kwenye foleni ya kusajiliwa?"

"Usianze, mdogo wangu."

"Sianzi. Naweka mtego tu."

Nikaweka kwenye kompyuta yake programu ya kuandika kila faili linapofunguliwa kupitia mtandao wa ofisi, nani kalifungua na kalifanyia nini. Baada ya wiki nikaisoma. Nilikuwa sijakosea, au ndivyo nilivyojiambia: Bwana Tai alikuwa amefungua mafaili ya Dada mara tano, kila mara Dada akiwa ameshaondoka, na kila mara ameyachapisha kwenye karatasi. Hakuna alipohifadhi badiliko lolote. Hilo niliona ni ujanja wake tu.

Dada alisitasita siku mbili. Mimi ndiye niliyemsukuma. Hata barua nilimsaidia kuipanga. Akaipeleka kwa bosi, na Bwana Tai akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe kujieleza. Jioni ile nililala kama mtoto.

Kesho yake Dada akaniletea kompyuta niisafishe, isije ikawa Bwana Tai ameacha kitu ndani. Ilikuwa mchana, bati la duka linawaka, feni ya meza inazungusha hewa ya moto. Sikuiunganisha na mtandao wowote. Nikafungua hesabu ya zile ngazi nikairudia, kujifurahisha tu. Kumi na nne. Nikarudia tena na tena. Mara ya tisa ikasema kumi.

Niligeuka nyuma nikatazama mlango. Hakukuwa na mtu.

Nikairudia mara hamsini. Nne zilitoka na uongo, na zote mashine ilipokuwa imechemka. Nilianza kumtafuta mtu wa kumlaumu, na kwa aibu niseme wazi, nilimtafuta kweli: kirusi, mtengeneza programu, hata muuza vipuri. Kisha mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye mipangilio ya bodi na kufunga vile viini viwili. Nikairudia hesabu mara mia mbili. Kumi na nne, zote. Kiwandani walikuwa wamekipima kimojawapo wakakiona kinayumba, wakakifunga. Mimi nilikijaribu asubuhi moja ya baridi, saa nzima, nikajiona nimewashinda akili.

Niliibeba kompyuta kifuani hadi ofisini kwao. Bosi alikuwa ndani na Dada, na Bwana Tai ameitwa siku hiyohiyo kujieleza. Amefunga tai. Mbele yake kulikuwa na bunda la karatasi zilizojaa hesabu za penseli.

"Niliziona zinayumba," alikuwa akisema, sauti ya chini. "Nikawa nazipiga upya kwa mkono. Niliyoyakuta nilimwachia kwenye karatasi mezani pake, bila jina. Sikutaka aonekane vibaya kabla ya kusajiliwa."

Dada aligeuka akaniona mlangoni. Nilieleza yote nikiwa nimesimama, maana hakuna aliyeniambia nikae.

"Ulijua vilifungwa?" Dada akauliza.

"Nilijua."

"Na ulijua kwamba vingine hufungwa kwa sababu ni vibovu?"

"Niliambiwa."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Nilidhani wanatuibia tu, Dada."

Hakupandisha sauti. Alivuta karatasi, akaandika palepale barua ya kufuta ile ya kwanza, akasimama, akampa Bwana Tai kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Yule bwana aliisoma, akaikunja, akamuuliza kama ngazi wazirudie pamoja sasa hivi au kesho. Wakaanza saa ileile. Mimi nikaondoka na mashine yangu.

Bosi alisaini, lakini miezi minne baadaye, hesabu zote ziliporudiwa upya. Nilimpelekea Dada prosesa nyingine, ya viini nane vya kweli, ndani ya boksi lisilofunguliwa. Alishukuru. Kisha akaipeleka kwa fundi mwenzangu wa duka la jirani, aipime.

Tunaelewana, tunakula pamoja, tunacheka. Ila juzi alinipigia kuuliza hali ya mama. Nikamwambia mama hajambo, homa imeshuka, nimetoka kwake sasa hivi. Akasema, "Asante, mdogo wangu." Kisha akakata simu, akampigia mama.