Kichwa Moja, Mikono Ine

Angélique ananichokesha. Anaingia mu saloni anacheka, anasuka anacheka, anakula muhogo anacheka. Siye tuko hapa Bunia, watu wanakimbia vita kule Djugu, yeye anacheka tu! Mimi Priscille nilianza kazi hapa mbele yeye afike, lakini wateja wakiingia wanauliza, "Angélique iko?" Aka! Sawa vile mimi niko kiti.

Saloni ni ya Mama Véronique. Yeye ndiye alitufundisha wote wawili kusuka. Sasa anafungua saloni ingine ku Komanda, pale barabara zinakutana, na alisema mumoja wetu ataenda kuisimamia. Nilitaka ile nafasi kabisa. Nilikuwa naiota: kiyoo yangu, wateja wangu, na hakuna mutu wa kunichekea ku sikio muchana muzima. Na nilijua muzuri kwamba Angélique anaitafuta vilevile. Kama hapana, kwa nini anamubebea Mama Véronique, patroni wetu, kikapu kila asubui? Mimi si mujinga.

Siku ya tano ya juma akakuja Mireille, bibi-arusi wa kesho yake. Bibi-arusi hasukwi na mutu mumoja, angekesha pale. Tunamukamata wawili, kila mutu na upande yake, mimi kushoto, Angélique kuume. Nikaanza kazi. Angélique akaanza domo yake: mara bwana arusi wa Aveba, mara keki, mara nguo. Kisha akainama, akamunong'oneza Mireille kitu ku sikio. Wakaniangalia wote wawili, wakacheka.

Wananicheka mimi! Nikakaza meno, nikasuka. Mireille akaniita sawa dada mukubwa, "Ya Priscille, inaniuma." Nikamujibu, "Vumilia, mama, arusi ni kesho." Akasema tena. Nikamuambia asitikisike. Sikukuwa hata namuangalia. Nilikuwa najibizana na Angélique mu kichwa yangu, na pale mu kichwa nilikuwa namushinda kila mara.

Kesho yake asubui, hatujafungua mulango muzuri, Mireille huyu hapa na mama yake, analia. Upande ya kuume ilikuwa safi. Upande ya kushoto, vipele ku paji yote, jicho imevutwa juu kama ya mutu aliyeshituka. Mama yake akapiga makelele: "Picha zitakuwa namna gani? Mutoto wangu iko na sura mbili!"

"Ni Angélique alilegeza upande yake," nikasema. Ndiyo, nilisema vile, na nilikuwa naamini.

Mama Véronique akamukalisha Mireille ku kiti. Akapitisha vidole polepole ku kichwa ya Mireille, kuume, kisha kushoto. Halafu akanikamata mikono, akaigeuza. Meshi, zile nywele za kuongeza, zilikuwa zimenikata vidole, alama nyekundu kila fasi, na mimi sikukuwa hata nimeziona.

"Priscille," akasema, "jana ulikuwa unasuka nani?"

Nikaficha mikono nyuma.

"Basi, ile Komanda yako tuiache kwanza. Siwezi kukupatia wateja ukiwa na mikono ya hasira."

"Komanda yangu?" nikauliza.

Angélique alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya Mireille, anafumua upande yangu. Akasema bila kugeuka, "Mimi nilikataa Komanda, Ya Priscille. Watoto wangu wanasoma hapa. Nilimuomba patroni akutume weye. Jana ndiyo ile nilikuwa namuambia Mireille: ajivune, anasukwa na patroni mupya."

Mungu wangu! Na hata hapo, badala ya kuona haya, hasira ikanipanda tena.

"Sasa kwa nini haukuniambia?" nikapiga kelele. "Kwa nini mambo yangu mimi ndiye nayajua wa mwisho?"

Angélique akaacha kufumua. Mara hii hakucheka.

"Nilikuambia juma hii hii, tukiwa hapa. Ulinijibu niache makelele, weye uko na kazi."