Lita za Hewa

Kwa miaka kumi na tisa Constance alisoma mita za maji za mtaa wa Cimpunda kwa miguu yake mwenyewe. Alipanda na kushuka vile vilima, daftari kwapani, na kila alipofika kwenye mita alifanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu: alishika bomba. Bomba lenye maji huwa baridi. Bomba lenye hewa hutetemeka tu mkononi. Likitetemeka, aliandika namba ya mita, na pembeni akaandika H, yaani hewa.

Watu wa mlimani hawafungi bomba zao, ujue. Maji huja kwa zamu, na zamu yenyewe haina saa, kwa hiyo kila nyumba huacha bomba wazi na pipa chini yake, maji yasije yakapita bila wao. Mara nyingi maji huishia njiani. Kinachofika juu ni hewa iliyosukumwa mbele yake, nayo huzungusha mita bila aibu yoyote. Zamani mkuu wa zamu akiona H nyingi kwenye daftari, aliiongezea avenue hiyo, yaani barabara hiyo na nyumba zake, siku ya maji.

Kisha Kampuni ya Amishi, iliyomiliki maji hayo, ikafunga kifaa chenye antena juu ya kila mita. Vifaa vikawa vinarushiana namba bila waya, nyumba hadi nyumba, mpaka kwenye kompyuta ya ofisi ya kampuni kule chini, Ibanda. Constance akapewa barua ya shukrani na kipande cha keki. H yake haikupewa chochote.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, avenue ya Constance mwenyewe ikanyang'anywa zamu ya Alhamisi. Kompyuta ilisema wanatumia maji kuliko majumba ya kando ya ziwa! Virginie, mkunga wa kituo kidogo cha afya jirani na Constance, akaja amefura.

"Maman Constance, wiki mbili sina maji ya kunawa mikono. Tarehe ya kwanza nafunga salle, chumba ya kuzalisha. Siwezi kushika mutoto wa mutu na mikono muchafu."

Constance alichemka. Kama mashine ingekuwa mbovu, angeisamehe. Lakini mashine ilihesabu vizuri kabisa. Waliokosea ni watu wazima wenye viti, ambao hawakujisumbua kupanda kilima na kushika bomba. Akafungua mita yake kwa spana, na kifaa chake juu, akaifunga kwenye kitenge, akashuka nayo Ibanda.

Injinia Thierry wa kampuni alimpokea kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi zaidi.

"Maman, ile capteur ya juu ya mita haina kusema uongo. Avenue yenu inakunywa lita elfu kumi kila siku."

"Inakunywa hewa, Papa Ingénieur."

Thierry akacheka. Constance akaweka mita juu ya meza, kwenye makaratasi ya injinia, akaifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akapuliza. Akapuliza tena na tena, mpaka ukuta ukaanza kuzunguka. Kifaa hutuma namba kila robo saa, basi wakakaa wakiangaliana. Robo saa ilipotimia, namba ikapanda kwenye kompyuta: lita kumi na nne.

"Ile lita kumi na ine," Constance akasema, bado anahema, "nitafulia nayo nini?"

Injinia hakucheka tena. Aligusa mita, akaangalia dirishani, akasema ripoti ya vifaa imeshakwenda kwa wafadhili waliovilipia na wamefurahi sana.

"Lakini Lundi natuma équipe kwenu," akamalizia, akaandika kwenye karatasi.

Constance alirudi amelowa jasho na furaha. Akairudisha mita mahali pake, akamwambia Virginie asifunge kitu, timu inakuja. Virginie akasugua mapipa yote matatu ya kituo.

Jumatatu asubuhi timu ikafika kweli. Timu yenyewe ilikuwa Dany peke yake, mfanyakazi mwenzake aliyetembea naye vilima hivyo miaka mingi, na koleo mkononi. Akachuchumaa kwenye mita ya Constance, akapitisha waya kwenye viungo vya bomba, akabana risasi ya muhuri.

"Na maji?" Constance akauliza.

"Maji haiko mu bon, ile karatasi ya kazi, Maman. Baliandika tu: funga mita na hii plomb, ili batu basiipulize."

Constance alimtukana. Alimtukana yeye na injinia wake, na wafadhili wenye furaha, na aliyekata ile keki. Dany alivumilia yote, macho chini.

"Hata kwangu maji haikuyake, pipa iko kavu tu," akasema taratibu. Akahamia mita ya jirani.

Virginie alikuwa amesimama mlangoni pa kituo, akisikia kila neno. Aliyalaza mapipa yake safi, moja moja, kisha akaingia ndani kuchukua kufuli la chumba cha kuzalishia.