Nani Anawauza Nyuki?

Timu ikishindwa mara moja, watu husema ni bahati mbaya. Ikishindwa tena, husema ni jua. Nyuki wa Mansoura, timu ya wafanyakazi wa Afrika Mashariki katika mtaa mmoja wa Doha, walikuwa wameshindwa tangu msimu uanze, Ijumaa baada ya Ijumaa, na Cornelius, shabiki wao mkuu na pengine wa pekee, alikuwa amemaliza visingizio vyote alivyovijua. Alikuwa amelaumu vumbi, amelaumu mwamuzi, amelaumu hata pilau ya Alhamisi. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: kuna mtu anawauza.

Besiboli si mchezo wa kwao, tuseme ukweli. Aliyewaletea ni Nyanchama, muuguzi kutoka Kisii, ambaye enzi zake za shule alikuwa akiupiga mpira wa softiboli hadi ukavuka ua wa miti na kuingia shambani kwa watu. Madereva, walinzi na wahudumu wa hoteli walipomwona kwanza akipanga besi, vile vituo vya kukimbilia, kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya magereji, walimcheka, wakasema huo ni mchezo wa wasichana wa sekondari. Walipokwisha kucheka walijikuta wamepanga foleni wakisubiri zamu ya kushika gongo. Sasa ndiye kocha wao, na hakuna mwanamume anayethubutu kuchelewa mazoezini.

Cornelius hakucheza. Magoti yake yalishakataa mambo hayo. Kazi yake ilikuwa kushabikia, na aliifanya kama mtu aliyeandikwa mkataba. Kila Ijumaa alibeba kiti chake cha kukunja, thamosi ya chai na spika yake nyeusi, akaenda kukaa kule mwisho wa uwanja, nyuma ya mgongo wa Job, mrushaji, akiwa ametazamana na Reuben, mdakaji. Wenye akili hukaa kando penye kivuli. Yeye alikaa juani kwa sababu kule ndiko vidole vinakoonekana.

Maana hapo ndipo utamu wa mchezo ulipo. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji vidole katikati ya mapaja. Kidole kimoja, rusha mpira mnyoofu. Viwili, rusha kona, ule mpira unaokuja kama umenyooka kisha unainama ghafla na kumwacha mtu akipiga upepo. Mpigaji amevipa vidole kisogo, haoni kitu. Cornelius alikuwa akiona kila kitu, na kujua siri kabla ya mpigaji kulimfurahisha kuliko mshahara.

Halafu kulikuwa na muziki. Wiki nzima Cornelius, dereva wa nyumbani, alimwendesha Madam, mwajiri wake, na watoto wake kutoka nyumbani hadi West Bay na kurudi, katika gari ambalo redio yake haikuguswa. Madam ana kichwa kinachouma. Siku sita za wiki alisikia kiyoyozi na indiketa tu, basi. Ijumaa alijilipiza. Rumba, benga, magitaa yanayopokezana kama wambea wawili dirishani, yote aliyaachia uwanja mzima. Mpira mnyoofu aliuchezea rumba kwa sauti kubwa. Kona ikija, alipunguza sauti ili aitazame vizuri, kama mtu anavyofunga mdomo chakula kinapopakuliwa, kisha akaipandisha tena kushangilia. Aliamini kwa dhati kwamba bila magitaa yale Nyuki wangeshindwa vibaya zaidi.

Sasa kona za Job, zilizokuwa zikiwatesa watu msimu uliopita, zilikuwa zinapigwa kama maandazi yaliyorushiwa watoto. Timu ya Tai wa Wakrah, ya Wafilipino, ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Nahodha wao Rodney, fundi wa lifti, alisimama pale akiwa ametulia, akiisubiri kona mahali itakapoinamia, akaizungushia gongo. Huwezi kuisubiri kona usiyoijua. Lazima uwe umeambiwa.

Nyanchama naye aliona. Akabadilisha ishara, akawaambia Job na Reuben peke yao, na Cornelius.

"Baba Chelsea, wewe nakuamini," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Angalia kila mtu. Ukiona kitu, niambie mimi kwanza."

Ishara mpya zikadumu jioni moja tu. Tai waliwapiga tena. Cornelius alirudi Al Mansoura akihesabu watu kichwani, na kila akihesabu alifika mahali pamoja. Job hawezi kuuza kona zake mwenyewe. Nyanchama hawezi kuuza timu aliyoizaa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nguoni mwa Cornelius, kwenye kitanda cha chini cha chumba chao, alilala Reuben.

Reuben alikuwa Mganda, mlinzi wa jengo moja la maofisi, kijana mpole wa kupita kiasi. Upole huo sasa ulimtia Cornelius wasiwasi. Mtu gani hafoki timu yake ikipigwa? Alianza kumtazama. Alimwona akishuka kwenye gari la Rodney kona ya mtaa, na alipoingia chumbani akasema ametoka dukani, mikono mitupu. Alimwona akipokea simu koridoni. Alimsikia akisema, "Please, my friend, not like that," kisha akanyamaza Cornelius alipokohoa.

Na lile la kiti je? Siku moja Reuben alimwambia, "Mzee, si uhamie huku upande wa benchi? Kule jua litakuua." Tangu lini mdakaji akajali ngozi ya shabiki? Mwizi hapendi taa, Cornelius aliwaza, na akakisogeza kiti chake mbele zaidi.

Baada ya hapo Reuben akaleta zawadi. Kijisanduku kidogo cheupe, ndani yake vile vidude vya masikioni visivyo na waya.

"Ni vya gitaa, mzee," alisema akitazama sakafu. "Ukiweka hizi utasikia mpaka kidole cha mpiga besi."

"Mimi nina spika."

"Najua. Lakini jaribu tu, ssebo," alisema, kwa lile neno la heshima la kwao. "Hata Ijumaa, pale field."

Cornelius alikichukua, kwa sababu kukataa zawadi ni utovu wa adabu, akakitupa ndani ya mfuko wa kiti cha kukunja bila kukifungua. Hongo ni hongo hata ikifungwa na utepe. Kesho yake alimpigia Nyanchama simu.

Mkutano ulifanyika uwanjani, wote wamesimama, glavu mikononi. Nyanchama hakuzunguka mbuyu.

"Reuben, wewe na Rodney mnaongeanga nini?"

Reuben alimtazama Cornelius. Alimtazama kwa muda, si kwa hasira, na Cornelius akakaza uso kwa sababu alitarajia hasira.

"Tunaongea mpira tu, kochi."

"Mpira gani? Wetu?"

"Kochi, siwezi kusema zaidi. Lakini sijauza mtu."

"Usiposema, nifanye aje?" Nyanchama alinyoosha mkono. "Leta glavu. Pumzika kwanza."

Reuben aliivua, akaifuta vumbi kwa kiganja, akampa. Kabla ya wiki kuisha alikuwa amefunga godoro lake na kuhamia Al Wakrah, kwenye jengo analokaa Rodney. Cornelius alisema aliyekuwa na shaka sasa amejionea. Alilisema hilo mara nyingi, kwa watu wengi, maana chumba kilikuwa kimekuwa kikubwa ghafla na hakuna aliyemwuliza tena, "Mzee, umekula?"

Ijumaa iliyofuata Nyuki walikutana na Tai. Tony, mhudumu wa hoteli mwenye vidole virefu, alichuchumaa mahali pa Reuben. Ishara zilikuwa mpya kabisa, na Cornelius aliambiwa pale pale uwanjani, sikioni. Akawasha rumba akiwa na moyo mweupe. Leo Tai watajua hawajui.

Tai walijua. Mpigaji wa kwanza aliisubiri kona na kuituma ukutani kwa magereji. Wa pili vivyo hivyo. Cornelius alianza kuhesabu watu upya. Kwa hiyo ni Tony. Au Job. Alimtazama Nyanchama kule kwenye benchi, mikono kiunoni, na akathubutu kumshuku hata yeye, aliyeizaa timu. Mtu akishaonja kushuku haachi.

Hapo adhana ya alasiri ikaanza kutoka msikiti wa jirani. Cornelius ni mtu wa kanisa, lakini miaka aliyokaa Doha ilimfundisha adabu: alizima spika, kama anavyozima kila Ijumaa. Mchezo uliendelea kimya kimya. Job akarusha mpira mnyoofu, mpigaji akauchelewa. Akarusha mwingine, akauchelewa tena, kama mtu aliyekuwa akitarajia kitu kingine. Ikaja kona, akapiga upepo, akatoka. Aliyemfuata alitoka hivyo hivyo, huku akigeuka kutazama mwisho wa uwanja kana kwamba kuna mtu amemkatia umeme.

Adhana ikaisha. Cornelius, akifurahi, akawasha rumba. Rodney mwenyewe akaingia kupiga. Tony akaonyesha ile ishara mpya ya kona. Na mkono wa Cornelius, bila kutumwa, ukaenda kwenye kile kitufe na kupunguza sauti.

Akamwona Rodney. Hakuwa anamtazama Job. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, sikio kaligeuzia upande wa spika, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina lake. Sauti iliposhuka, Rodney alirudisha mguu nyuma, akatulia, akaisubiri kona mahali itakapoinamia. Mpira ukapita juu ya kichwa cha Cornelius na kwenda zake.

Cornelius alibaki akiutazama mkono wake. Aliona aibu iliyomwanzia miguuni. Nyani haoni kundule. Yeye alikuwa amelitangaza kwa spika.

Alizima muziki, akatembea kando ya uwanja hadi kwenye benchi, akamwambia Nyanchama yote bila kujitetea. Nyanchama alifumba macho.

"Mpigie Reuben," alisema. "Si mimi. Wewe."

Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Mzee."

"Reuben. Ulijua?"

"Rodney aliniambia kitambo. Alikuwa anacheka, anasema nyinyi mna DJ mzuri. Nikamwomba aache, nikaenda mpaka kwake kumwomba. Akasema game ni game."

"Na mimi? Mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia ungeacha kuja, ssebo. Si nakujua? Ungekaa room Ijumaa yote, umenyamaza kama kwa gari ya Madam."

Cornelius alitafuta neno. Lililokuja lilikuwa dogo. "Nisamehe, mwanangu."

"Sawa, mzee. Ulifungua zile nilikupa?"

"Bado."

"Fungua."

"Wiki ijayo urudi. Nitamwambia kila mtu, nitasimama mbele yao."

"Wiki ijayo niko duty."

Reuben hajawahi kuwa na zamu siku ya Ijumaa. Cornelius alijua hivyo, na Reuben alijua kwamba anajua. Hakubisha. Alisema, "Haya," akaaga, akarudi kwenye kiti chake.

Alikitoa kijisanduku mfukoni, akapasua plastiki, akaviweka vile vidude masikioni. Gitaa likaingia, safi, na chini yake kidole cha mpiga besi, kama alivyoahidiwa. Uwanja mzima haukusikia kitu.

Rodney alipoingia tena kupiga, alitega sikio, akatega tena. Tony akaonyesha ishara ya kona. Kona ikaja, ikainama, na Rodney akapiga upepo hadi kofia ikamdondoka. Cornelius aliruka kutoka kitini mikono juu, akamtafuta Reuben kwa macho pale nyuma ya mpigaji ili wacheke pamoja, akamwona Tony akijifuta vumbi.