Farasi Mia wa Papa Camille

Gari la Papa Camille liliingia Kisangani juu ya tishari, kati ya magunia ya chumvi na mbuzi wa watu, baada ya majuma mengi ya kupanda mto kutoka Kinshasa. Wenye midomo yao walikuja kusema kwamba hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote ambayo gari lile liliwahi kusafiri bila kuchemka.

Lilikuwa gari la juu, jeusi, lenye vioo vya giza na injini ya kompresa, yaani lile dude linalosokomeza hewa ndani ya injini kwa nguvu ili petroli iungue zaidi na gari lichomoke mbio. Lichomoke kwenda wapi, hilo halikuulizwa. Papa Camille alikuwa muuza magodoro. Kutoka dukani kwake nyuma ya soko hadi nyumbani ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma, na njia nzima ni mashimo yaliyozoeleka mpaka watu huwaelekeza wageni kwayo: ukifika shimo la duka la dawa, kata kushoto. Baiskeli za toleka, zile teksi za kukanyaga zinazobeba abiria kwenye kiti cha sponji, zilimpita kila asubuhi, na sponji yenyewe ilikuwa imekatwa kwenye magodoro yake.

Mtu mwingine angetosheka. Yeye alimkaribisha Glodi, kijana wa Kinshasa mwenye kompyuta ndogo na manukato mengi. Glodi alichomeka waya chini ya usukani, akabofya, akanywa soda, akabofya tena, kisha akatangaza kwamba ubongo wa injini umeandikwa upya na gari limeongezewa nguvu za farasi mia. Kesho yake alipanda ndege akarudi kwao, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu mashaka. Papa Camille hakuwa na mashaka. Aliwatangaza farasi wake kwa kinyozi, kwenye kwaya, na hata kwenye matanga ya jirani, ambako alimpa mfiwa pole, akaketi karibu naye, akamweleza habari za kompresa.

Tatizo ni kwamba farasi wasio na pa kukimbilia hubaki zizini wakitoka jasho. Kila alipokwama nyuma ya mkokoteni, mshale wa joto ulipanda, taa nyekundu ikawaka, na gari likajikatia nguvu lenyewe. Siku moja lilimzimikia juu ya daraja la Tshopo. Alisimama pale, boneti wazi, mvuke ukifuka, na mama mmoja mwenye beseni la samaki akapita akamuuliza kwa upole kama ugali wa fufu umeiva. Tangu hapo mji mzima ukaliita gari lile Marmite, yaani sufuria, na Papa Camille akaacha kupita darajani.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Ursule, binti yake wa pekee. Siku alipotetea kazi yake ya mwisho chuo kikuu, alimwekea baba yake kiti mbele. Baba alifika ukumbi ukifagiliwa, mikono imejaa grisi, akaeleza kwa kirefu yaliyoupata mpira wa maji. Ursule alisikiliza mpaka mwisho, maana alilelewa vizuri. Sasa alikuwa anaolewa. Mama yake alishafariki, kwa hiyo wa kumwingiza kanisani alikuwa mmoja tu, na ombi lake kwa huyo mmoja lilikuwa dogo: waingie pamoja, mkono kwa mkono, mlango ukiwa bado wazi. Abbé Henri, padri wa parokia yao, alikuwa amechoshwa na maharusi wanaofika mchana wakidai ni asubuhi. Siku hizi kengele ikinyamaza alifunga mlango, na aliyebaki nje alibaki nje, awe gavana au awe nani.

Binti alipendekeza, kwa heshima zote, kwamba labda waazime gari jingine. Papa Camille alichukia kana kwamba amependekeza waazime baba mwingine. Aliapa kwamba Marmite itapozwa kabla ya harusi, akaipeleka kwa Fadhili.

Fadhili alikuwa fundi kutoka familia za zamani za Waislamu wa mji, mtu hodari, na maradhi yake yalikuwa kupenda kusikilizwa. Wawili hao walifaana sana. Alizunguka gari, akagonga hapa, akanusa pale, akasafisha koo, na jambo la maana akalisema kwanza, kwa bahati mbaya, kabla mteja hajakolea.

"Patron, dawa iko moja. Tutoshe ile chevaux mia, turudishe programme ya zamani. Motokari itapoa leo leo."

"Mutu akisha kupandishwa grade kwa kazi," Papa Camille akamjibu, "anairudishaka?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Basi Fadhili akaingia kwenye somo lenyewe, na hapo alistarehe. Hewa ikisokomezwa hupata moto, alieleza, ndiyo maana kompresa ina maji yake ya pekee ya kuipoza, na maji hayo hupita kwenye rejeta ndogo puani mwa gari, yakisukumwa na kipampu kisicho kikubwa kuliko ngumi. Glodi aliongeza farasi lakini hakuwaongezea maji ya kunywa. Ilibidi iagizwe rejeta pana ya kukaa mbele kabisa, pampu yenye kifua, rejeta nene ya injini yenyewe na mafeni makubwa. Vitu vilikuja kwa ndege. Fadhili alikata bamba la mbele ili rejeta mpya ipate pa kukaa, na akarudisha ile valvu ya kupimia joto la maji, ambayo mafundi wengi wa mji huing'oa kwenye kila gari wakiamini kwamba ni kitu cha nchi za baridi. Alipomaliza aliweka kiganja kwenye ile pua pana na kutoa amri: hapa panaingia upepo, hapa hapawekwi kitu, hata chandarua.

Walilijaribu kwenye barabara ya uwanja wa ndege, ambako lami bado inakumbuka kwamba ni lami. Papa Camille alikanyaga. Gari liliruka, miti ikarudi nyuma, na mshale wa joto ukakaa katikati, umetulia kama mke mkubwa. Aliimba njia nzima ya kurudi.

Jumamosi ya harusi dada zake wakafika. Walitoka Yanonge kwa mtumbwi wa injini, wakiongozwa na yaya Emilie, yaani dada Emilie, mkubwa wao wote, mwanamke ambaye hata marehemu baba yao alikuwa akimwomba ruhusa. Katika ukoo ule dada za baba ndio wanaomvisha bibi harusi, na hawaishii kwake: wanakivisha pia kile kinachombeba. Zamani kilikuwa mtumbwi, na pua yake ilifungwa kitambaa kipya ili mto ujue nani anapita. Sasa ilikuwa motokari. Walikuja na kitenge cha harusi, kilekile walichovaa ukoo mzima, cha kijani na ndege wa njano, wakakikunja mara kadhaa ili kisipeperuke, wakakitandaza mbele ya gari kutoka taa hadi taa, wakakikaza kwa kamba za raba. Juu yake wakapachika maua ya karatasi. Ilikuwa kazi safi, haikuacha hata tundu la kupitisha nzi.

Papa Camille aliona. Hakuna wa kumtetea hapa, aliona vizuri kabisa, na amri ya Fadhili aliikumbuka neno kwa neno.

"Yaya, pale mbele panatakiwa upepo kidogo," akasema.

Emilie akamtazama. "Mutoto wetu atabebwa na kitu iko uchi?"

Angeweza kusisitiza. Mtumbwi hauna rejeta, angeweza kusema, na ingekuwa kweli. Lakini kumfungulia dada mkubwa kitenge chake mbele ya ukoo ni kutafuta maneno ya kuambiwa mpaka siku ya kuzikwa. Tena, na hii ndiyo iliyomshinda, gari lilikuwa limependeza. Mpiga video alilizunguka mara mbili akisema anataka kuanza na hilo kabla ya bibi harusi. Papa Camille akajiambia kanisani ni karibu, na farasi wana maji ya kutosha. Ursule alitoka nje katika gauni jeupe, akasimama mbele yake akingoja, na baba akamwonyesha maua ya karatasi.

Msafara wa harusi Kisangani haukimbii. Ukikimbia watu watasema mnamficha bibi harusi. Unakwenda mwendo wa jongoo, honi zinalia, mpiga video amekaa kinyumenyume kwenye pikipiki, shangazi wanacheza pembeni mwa barabara, na kila mzunguko unazungukwa zaidi ya mahitaji. Kwa injini yenye farasi mia wa ziada na pua iliyofungwa kitenge, hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Papa Camille aliuona mshale ukiinuka. Alizima kiyoyozi. Alifungua madirisha. Aliwasha kipasha joto ili kivute moto wa injini kuuingiza ndani ya gari, na bibi harusi nyuma akaanza kulowa jasho. Karibu na soko taa nyekundu ikawaka, gari likakohoa, likasimama, na mvuke mweupe ukafoka kutoka chini ya boneti.

Shangazi walipiga vigelegele. Walishaona moshi kama huo kwenye majukwaa ya wanamuziki, wakadhani ndugu yao hakubania pesa. Mmoja alirusha mchele.

Papa Camille alishuka akampigia Fadhili simu. Fadhili aliuliza swali moja tu, mbele kuna nini. Papa Camille akasema hakuna kitu. Kisha akasema kuna kitenge. Fundi akamwagiza aondoe kitambaa, aache mafeni yazunguke, asithubutu kufungua mfuniko wa maji, na angoje. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Fadhili hakuwa na somo la kuongeza.

Hapo kengele ya kanisa ikaanza kulia. Ursule akafungua mlango, akashuka, vipodozi vimemteremka shavuni. Baba yake, kitenge ameshakifungua, alikuwa ameinama juu ya usukani akitazama mshale.

"Papa, kengele inalia. Mi naenda."

"Ungoje kidogo, mama. Iko inashuka."

"Nakuuliza mara moja tu," akasema Ursule. "Unakuja na mimi, ao unabakia?"

Papa Camille alitazama boneti iliyo wazi, rejeta mpya iking'aa kwenye jua, pampu iliyosafiri kwa ndege, na umati wa watu wa sokoni wenye mikono miwili kila mmoja. Alimtazama binti yake pia, lakini kwa haraka.

"Tangulia. Nitakukuta kwa mulango."

Ursule alikusanya gauni mkononi, akakaa upandeupande kwenye kiti cha toleka, na mwendeshaji akakanyaga. Shangazi wakakamata toleka zao. Mjomba Nephtali, kaka wa marehemu mama yake, aliyekuwa kwenye gari la nyuma, aliliacha gari lake katikati ya barabara, mlango wazi, akakimbia pembeni mwa baiskeli ameshikilia mkia wa gauni usiingie kwenye spoku. Umati wote ukawafuata ukiimba. Hakuna aliyebaki wa kuiba pampu.

Kengele ikanyamaza. Baada ya muda mshale nao ukashuka, ukarudi katikati, ukatulia. Papa Camille alifunga boneti, akatupa kitenge kilicholowa kiti cha nyuma, akawasha. Injini iliitika mara moja. Barabara ilikuwa tupu, jambo ambalo hakuwahi kulikuta katika mji ule, maana kila mtu alikuwa kanisani. Akakanyaga, na farasi mia wakatoka zizini kwa pamoja. Gari liliruka mashimo yote, upepo ukaingia puani, na mshale haukutikisika. Na lisemwe tu, ingawa ni aibu: alifurahi. Kwa kipande kizima cha barabara alisahau alikokuwa anakwenda.

Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa. Alisukuma, akagonga kidogo, akaona haya, akaacha. Ndani waliimba. Mlinzi aliyekaa kwenye kivuli cha ukuta alimwambia, bila kuulizwa, kwamba bibi harusi aliingia kengele ikiwa kwenye pigo la mwisho, mjomba wake amemshika mkono, na kwamba mjomba alikuwa analia kuliko bibi harusi. Papa Camille akarudi kusimama kando ya gari. Alisikia padri akiuliza swali lake, akasikia binti yake akijibu, ila maneno hayakumfikia, ilifika sauti tu. Alifuta macho kwa kile kitenge, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine.

Mlango ulipofunguliwa Ursule alitoka ameshikana mkono na mume wake, Doudou. Alimwona baba yake, akamwendea, akapiga goti kidogo kumsalimu. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti.

"Imepoa, papa?"

"Imepoa, mama," akasema Papa Camille. "Iko baridi kabisa."

"Tunashukuru Mungu," akasema Ursule, akarudi kwa mume wake. Ukumbi wa sherehe ulikuwa ng'ambo ya barabara tu, hivyo wote waliondoka kwa miguu wakiimba, mjomba Nephtali mbele. Papa Camille alibaki ameshika mlango wa gari. Injini ilikuwa bado inanguruma, haina shida yoyote.