Tawi la Getini kwa Bibi Saladina

Tangu walipoupita mji wa Baiona, pwani ya Galisia, Dorinda alikuwa na swali kooni, limekwama kama mwiba wa samaki. Bahari ilikuwa kushoto, mizabibu kulia, na mumewe alishika usukani kwa mikono miwili huku akipiga mluzi. Mtu mwenye tiketi ya ndege ya Jumatano anapigaje mluzi?

Tiketi ilikuwa kwenye droo, chini ya soksi. Dorinda aliiona alipokuwa akipanga nguo, akairudisha palepale. Kwa miaka thelathini na moja Eladio alijenga nyumba za watu huko Uswisi, akija kwake Agosti na Krismasi kama mgeni wa heshima. Pasaka hii alirudi na barua ya kustaafu, lakini msimamizi wake akampigia simu: mafundi wamepungua, ongeza miaka miwili. Dorinda alipouliza amemjibu nini, Eladio alitoa neno ambalo Mgalisia huzaliwa nalo mdomoni.

"Inategemea."

Halafu, ghafla, akamletea safari. Siku mbili za kuzunguka pwani, kwa kuwa hawakuwahi kupata fungate. Eladio alipanda treni ya Uswisi siku ya kumi na tisa baada ya harusi. Mwanamke mwingine angeshangilia. Dorinda aliona anaagwa. Hata hivyo alifunga kitambaa chake cha bluu, akapaka rangi ya mdomo, akaingia garini, maana alimpenda mzee huyu kwa upumbavu uleule wa siku ya kumi na nane.

"Njaa inauma," Eladio alisema walipofika vilima vya Meaño. "Leo hatuli hotelini. Tunatafuta tawi."

"Pua yako ya Uswisi itaweza?"

"Dori, mimi nanusa pipa lililofunguliwa ng'ambo ya mlima."

"Na soksi zako huzinusi."

Pande zile, mkulima akibakiwa na mvinyo mwingi kuliko wanaoweza kuunywa nyumbani kwake, hutundika tawi la mti wa lauri getini. Mpita njia akiliona anaingia, anakaa, anauziwa kibakuli cha mvinyo na chochote kilichopikwa. Pipa likiisha, tawi linashushwa. Waliingia vichochoro vitatu wakatoka bure, na katika cha nne Eladio akapiga breki. Kwenye geti la kijani palikuwa na kitawi kidogo cha lauri, kimefungwa kwa utepe.

"Limekauka hilo," Dorinda akasema.

"Jani ndilo lililokauka. Pipa limekauka?"

Uani, chini ya mizabibu iliyotambazwa juu ya nguzo za mawe, palikuwa na meza moja tu. Bikizee mwenye aproni nyeusi alikuwa akimenya njegere. Eladio akavuta kiti na kupiga meza kwa kiganja.

"Mama, tuletee mvinyo! Na cha kutafuna, mke wangu asije akanila mimi."

Bikizee aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mko wangapi?"

"Wawili. Au unaona wengine?"

"Macho yangu siyaamini siku hizi," alijibu, akainuka polepole, akaingia ndani.

Akaleta mtungi wa mvinyo mweupe, mkate wa mahindi na vipande vya soseji nyekundu. Baadaye yakaja mayai ya kukaanga na viazi. Eladio akaonja, akatikisa kichwa.

"Mazuri, ila hayana kitunguu."

"Hapa hapatiwi kitunguu," bikizee akasema.

"Basi mteja asemeje?"

"Mteja ale."

Dorinda alicheka mpaka mvinyo ukampalia. Lakini alipokuwa akijifuta machozi macho yake yalianza kuzunguka. Meza nyingine haikuwepo. Kwenye kamba palining'inia gauni la kulalia. Mayai yalikuwa yamekatwa nusu, kama chakula cha mchana cha mtu mmoja kilichogawanywa. Uso ukaanza kumwaka.

"Eladio," akanong'ona, "hapa siyo."

"Siyo nini? Mama, tulipe ngapi?"

"Mlipe?" Bikizee akaketi, akarudia njegere zake. "Mwanangu, hapa si mahali pa kuuza mvinyo. Hapa ni kwangu mimi, Saladina. Hilo tawi ni la Jumapili ya Matawi. Padre amelibariki."

Eladio alisimama haraka, kiti kikaanguka. Mwanamume aliyepiga meza ya bibi wa watu na kudai kitunguu! Masikio yalimwiva.

"Nisamehe, mama. Mbona hukutufukuza?"

"Mtu kaingia na njaa, nimuulize kafuata tawi gani? Kaa chini. Ukitaka kulipa, nilipe kwa maneno, nimeyakosa tangu majira ya baridi. Unasema kama mtu wa hapa, lakini si kamili. Ulikuwa wapi?"

"Uswisi. Miaka thelathini na moja."

"Na sasa umerudi?"

Dorinda alikamata kibakuli kwa mikono yote miwili. Swali lake lilikuwa limetoka kwa mdomo wa mwingine.

"Inategemea," Eladio akasema.

"Inategemea nini?"

Aliuliza tu, kidole kikiendelea kupasua njegere. Eladio aliinua kiti kilichoanguka, akakaa. Maisha yake yote neno lile lilikuwa limefunga mazungumzo. Hakuna aliyewahi kulifuata nyuma.

"Inategemea yeye," akasema mwisho, bila kumtazama mkewe. "Hajawahi kuniambia nibaki. Hata mara moja, mama. Kila nikija nakuta mizabibu imepogolewa, kuni zimepasuliwa, paa limezibwa. Sioni pa kuweka mkono wangu. Nikasema, huyu ameshazoea."

"Nimezoea!" Dorinda aliweka kibakuli chini kwa kishindo. "Mama yangu alinifunza nisilie stesheni, nisikutie mkosi wa njia. Nilikuwa nalilia bandani, mpumbavu wewe! Na tiketi umenunua."

"Nilijua umeiona. Soksi zilikuwa zimepangwa kwa rangi. Nikajiambia, leo atasema. Hukusema. Nikakuleta huku, labda njiani utasema."

Kumbe safari ilikuwa ya Eladio kungoja aombwe abaki, na yeye alikuwa akiilia kama kwaheri. Dorinda alitaka kumpiga na kumkumbatia, akakosa aanze na lipi. Mwiba ukatoka wenyewe.

"Baki, Eladio."

"Nabaki," alisema Eladio.

Walibaki pale mpaka njegere zikaisha, watu watatu wakimenya. Walipoaga, Eladio aliona haya bado, akajitolea kulitundika lile tawi ndani, juu ya kitanda, lisidanganye watu tena.

"Usiliguse!" Bibi Saladina akamzuia. "Unadhani sijui linavyoonekana pale getini?"

Kwenye njia panda ya barabara kuu Eladio alipunguza mwendo. Kushoto ilikuwa Cambados na hoteli waliyoweka chumba; kulia, nyumbani.

"Twende wapi?" Dorinda akauliza.

"Inategemea."

Dorinda akamwekea mkono gotini. "Inategemea nini?"